Zamu ya Kwanza ni ya Mjane

Jina lake ninalijua, na wachache wa rika langu waliobaki hapa Nkoaranga wanalijua, lakini sitaliandika. Mwenyewe hakupenda litajwe karibu na maji. Alisema mfereji ukishaitwa kwa jina la mtu, siku moja wajukuu wa mtu huyo watakuja kudai ni wao. Kwa hiyo tulimwita Mzee wa Mfereji, na mfereji tukauita mfereji tu, kana kwamba Mlima Meru wote haukuwa na mwingine.

Wajukuu zangu wamesoma. Wakija likizo huja na maneno mawili, mhafidhina na mliberali, nao huyagawa kwa watu kama wanavyogawa nyama ya sikukuu, huyu kipande hiki, yule kipande kile. Juzi mmoja akaniuliza, "Babu, huyo mzee unayemtaja kila siku alikuwa mhafidhina?" Nikamwambia ndiyo. Tulipomaliza chai nikamwambia hapana. Akacheka, akadhani ni uzee. Uzee upo, sikatai, lakini majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kujua hivyo mapema, miaka ile ya Wajerumani, kabla sijafungua mdomo mahali nisipopaswa.

Alikuwa mrefu na mkavu, goti lake la kushoto bovu, na alitembea upande upande. Lakini kila alfajiri goti hilo lilimpandisha hadi kwenye banio, pale maji yalipotolewa mtoni kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba, kisha likamteremsha kando ya mfereji hadi kihamba cha mwisho, shamba la migomba la nyumba ya mwisho. Jembe begani, fimbo mkononi. Aliondoa majani, akaziba matundu ya panya, akasalimia kila mlango. Nyumba iliyochelewa kuitikia aliisalimia mara ya pili kwa sauti ya kuiaibisha.

Fimbo ile ndiyo iliyokuwa saa yetu. Aliisimika kwenye njiapanda ya maji, na kivuli chake kikifika kwenye jiwe, zamu imekwisha. Hakuna aliyebishana na kivuli. Watu wakigombana hapo, aliing'oa fimbo akaiinua hadi usawa wa mdomo wake. Maana yake ilikuwa moja: maneno baadaye, maji kwanza. Nimewaona watu wazima wenye ng'ombe wengi wakinyamaza kwa sababu ya kijiti kile.

"Maji hayana mjomba," alikuwa akisema. Ndugu yake wa tumbo moja alipoiba robo ya zamu ya jirani, alimfungia maji mwezi mzima wa kiangazi, na migomba ya ndugu yake ikakunjamana mbele ya macho ya wote. Jioni mzee huyohuyo alimpelekea ndugu yake loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, wakala pamoja wakipiga soga. Ukimuuliza, atakuambia adhabu ni ya mfereji na chakula ni cha mama yao.

Baba yangu alikufa kabla sijajifunza kuchunga. Baba mdogo akaja mbele ya wazee, akasema mwanamke mmoja na mtoto mmoja hawahitaji zamu nzima, wapewe nusu, nusu nyingine aichukue yeye. Mama alikaa pembeni, hakuruhusiwa kusema. Mzee wa Mfereji alimsikiliza baba mdogo mpaka mwisho, kisha akasema, "Zamu ya kwanza ni ya mjane. Hana mume wa kumlindia maji usiku, basi achukue mapema, mfereji ukiwa umejaa na watu wako macho." Baba mdogo akauliza sheria hiyo imetoka wapi. Mzee akasema aliikuta. Nilipokua nikatembea mlimani, niligundua mifereji mingine haikuwa na sheria hiyo. Sijui aliikuta wapi. Nadhani aliitunga palepale, akaipa umri wa babu yake ili isibishiwe.

Lakini usije ukadhani alikuwa mpole. Mwanamke kufika kwenye banio ilikuwa mwiko, na mwiko wake haukuwa na mlango wa nyuma. Bibi harusi mmoja, mgeni wa watu, alipita pale akiokota kuni. Mzee akafunga mfereji siku tatu mpaka kondoo apatikane na pasafishwe. Wanawake wote wakashuka bondeni na vibuyu, wakimlaani njia nzima. Mama yangu alimlaani kuliko wote, na kesho yake akampelekea ndizi.

Tena mtu huyohuyo, binti yake aliporudi kutoka kwa mume na jicho limevimba, wakwe wakaja na pombe ya kuomba radhi. Hakuonja. Alimwita binti mbele ya wanaume, jambo ambalo halikuwa desturi, akamuuliza, "Utarudi?" Binti akasema, "Sirudi." Mzee akasema ng'ombe wao watawakuta nyumbani kesho. Bwana Misheni, yule mchungaji wa Kijerumani aliyetufundisha kusoma, aliposikia alihuzunika sana, akamwambia ndoa si kitu cha kufunguliwa namna hiyo. Mzee akamjibu, "Ng'ombe anarudi zizini kwao. Kwa nini mtu asirudi?"

Hao wawili walikuwa marafiki wa namna yake. Wote waliamka kabla ya jua. Wote hawakuanza kazi bila kuomba, kila mtu kwa anayemjua. Wote waliwachukia vijana waliovaa kofia ndani ya nyumba. Bwana Misheni alijua Kimeru vizuri kuliko baadhi yetu, na alipenda kuuliza habari za mababu hata tukaona haya, maana sisi tulikwenda kwake kuyakimbia hayo.

Mjerumani mwingine tulimwita Bwana Ndevu. Alikuwa mlowezi mwenye shamba lililopakana na vihamba vyetu, akipanda kahawa. Siku moja nilikuwa nafagia kibaraza cha misheni, Bwana Ndevu amekuja kuazima msumeno, na Mzee wa Mfereji amekuja kulalamika kwamba mbuzi wa misheni wamebomoa ukingo. Wazungu wale wakaanza kubishana kwa lugha yao, uso wa mmoja mwekundu, wa mwingine mweupe. Mzee alikaa kwenye ngazi, akasubiri. Mwishowe Bwana Misheni akaona aibu, akamweleza kwa Kimeru.

"Huyu, kwetu, ni katika wale wanaotaka mfalme apunguziwe nguvu na kanisa likae pembeni. Kila mtu aamue mambo yake mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi naona mtu asiye na mila za baba zake hana mizizi."

"Hata mila zetu sisi?"

Bwana Misheni alisita. "Baadhi," akasema.

Mzee akamwomba amuulize Bwana Ndevu swali moja: je, kila mtu anaamua mambo yake, hata hawa wanaomlimia kahawa? Bwana Ndevu alicheka, hakukasirika, akasema neno moja fupi. Bwana Misheni akalitafsiri: "Bado."

Tulishuka pamoja, yeye na goti lake, mimi na ufagio niliosahau kuurudisha. Kisha akasema, "Nusu yangu iko kwa yule wa vitabu. Nusu iko kwa yule wa ndevu, maana na mimi sipendi kuamriwa na mtu asiyewahi kushika jembe. Lakini umewasikia? Wakifika kwetu, mmoja anasema baadhi, mwingine anasema bado."

Nilicheka, nikaona ni maneno ya mzee asiyejua kusoma.

Sasa nifike kwenye langu. Tulipobatizwa, nyumba kumi na moja, siku ya kutengeneza mfereji iliangukia Jumapili. Tulikataa kwenda. Sheria ilikuwa wazi: asiyekuja analeta mbuzi. Wazee walishaanza kuwachagua mbuzi wetu kwa macho. Mzee wa Mfereji akasema, "Siku zipo nyingi," akaisogeza kazi hadi Jumatatu. Mtu aliyefunga maji siku tatu kwa ajili ya mzigo wa kuni alihamisha siku ya babu zake kwa ajili yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia asante.

Ikabaki pombe na mwanakondoo wa kutambikia pale kwenye banio. Tulisema hatuwezi kunywa maji yaliyoombewa hivyo. Akafikiri siku mbili, akaja nyumbani kwetu mwenyewe. "Sisi tutaomba kwanza," akasema. "Tukimaliza, ninyi mtaomba kwa namna yenu, hapohapo. Maji yatasikia yote." Nilikuwa na miaka kama ishirini, najua kusoma, najua nyimbo thelathini kwa moyo. Nikamjibu kwamba nuru na giza havikai chungu kimoja. Nilimjibu hivyo nimesimama, yeye ameketi, ndani ya nyumba ambayo maji yake aliyalinda yeye.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la mfereji wetu. Banio letu, juu ya lile la zamani, maji yasiyoguswa na pombe. Bwana Misheni alikuja akatukataza. "Msivunje kitu cha baba zenu," akasema. "Hamjui kilichojengwa ndani yake." Tulinong'ona kwamba anataka tubaki na ngozi wakati yeye anavaa koti. Bwana Ndevu ndiye aliyetusifu. Alituazima sepetu, akatutazama tukichimba, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: kila mtu huru, kila mtu maji yake. Sentensi ile ilinipendeza kuliko zaburi.

Mama hakuhamia. Alikataa ubatizo na alikataa mfereji. "Zamu yangu iko kule," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mzee alikuja kuona. Tulikuwa tunapanga mawe, hatua mia mbili juu ya banio lake. Akasema, "Juu ya banio hakuna banio." Tukaanza wimbo ili tusimsikie. Akasubiri ubeti wa kwanza, wa pili, akageuka akaenda zake. Baadaye tulijua wazee walitaka kuja na majembe kuubomoa, naye akawazuia. Aliwaambia ni watoto wake, watarudi wakichoka.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kikali, na Bwana Ndevu akafungua banio lake juu ya letu. Hakuwahi kufikiria kama maji yangeweza kufika shambani kwake kwa njia ile mpaka alipotuona sisi tukiyapitisha. Mfereji wa zamani ukabaki mkojo wa mbuzi. Mzee wa Mfereji akafunga safari hadi bomani Arusha kushtaki. Hakuwa amewahi kufika boma, na watu walimwonya, maana lile boma wengi walilijua kwa kubebeshwa mawe ya kulijengea. Akasema maneno ni maneno, yatasikika popote.

Na kweli alisikilizwa. Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma, alikuwa mezani, mkalimani pembeni, askari mlangoni na kiboko chake. Mzee akaieleza sheria ya maji kwa utaratibu, kama aliyesimama kwenye njiapanda yake. Bwana Ndevu akasema sheria hiyo haipo: vijana wa hukohuko wamefungua juu, na hakuna aliyewazuia. Nikaitwa mimi, niliyeletwa na Bwana Ndevu kuwa shahidi wake.

Swali lilikuwa moja. Je, ipo sheria kwenu kwamba hakuna anayefungua juu ya banio la zamani?

Nikisema ipo, sisi wa nyumba kumi na moja ndio tulioivunja, na nilishaona mgongo wa mtu aliyetoka pale. Niliogopa, sifichi. Lakini laiti ingekuwa woga peke yake, ningekuwa nimeshajisamehe. Kilichoniuma miaka yote hii ni kwamba sentensi ile nilikuwa nayo mdomoni tayari, tamu, na nilifurahi kupata mahali pa kuisema mbele ya watu wakubwa. Nikasema, "Kila mtu yuko huru na shamba lake."

Mkalimani akaigeuza. Bwana Mkubwa akaandika. Mzee alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake.

Tulirudi pamoja kwa miguu, maana njia ni moja. Mchana tulikaa kivukoni, akafungua jani la mgomba, akanipa nusu ya ndizi zake za kuchoma. Nilingoja anitukane, na angefanya hivyo tungekuwa sawa. Akauliza, "Mama yako amemwagilia wiki hii?"

"Sijui."

"Ulipaswa kujua," akasema, akaendelea kutafuna.

Wa kwanza kukaukiwa kabisa tulikuwa sisi wenyewe, maana banio la Bwana Ndevu lilikuwa juu ya letu palepale. Nilimwendea kumkumbusha kwamba kila mtu ana maji yake. Akasema ndiyo, haya ni yake, na anayo karatasi ya boma. Mfereji wa zamani ulipata maji wakati wa masika tu, wakati ambao hakuna anayeyahitaji. Mama akaanza kushuka bondeni na kibuyu mgongoni, asubuhi mara moja, jioni mara moja, miaka minane. Nilimsaidia siku ambazo hapakuwa na mafundisho. Siku nyingi yalikuwepo.

Mimi nilipanda cheo. Nikawa mzee wa kanisa, na nikawa mkali kuliko Bwana Misheni. Nilimtenga aliyecheza ngoma, nilimtenga aliyeonja pombe, nilimrudisha kwa mumewe mwanamke aliyekuja kwangu analia, nikimwambia ndoa haifunguliwi. Mimi, wa kila mtu yuko huru. Nikimkumbuka mwanamke yule, sipendi kuketi peke yangu.

Mzee wa Mfereji aliendelea kupanda kila alfajiri. Aliondoa majani kwenye mfereji mkavu, akaziba matundu ya panya, akasalimia milango yote. Watoto walimwigiza anavyochechemea. Mlango wangu aliusalimia pia, mara mbili nikichelewa. Nikaanza kuamka mapema na kuondoka kabla hajafika.

Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja. Wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi, na asubuhi moja Bwana Ndevu na wenzake wakaondoka, mlango wake wakauacha wazi. Nilibaki kwa sababu ya kazi ya kanisa. Nilikaa siku nne nikijipa moyo, siku ya tano nikaenda kwa Mzee. Nilimkuta kwenye jua, ameota ukungu machoni, fimbo magotini. Nikampa shikamoo kwa lugha yetu. Akanijua kwa sauti.

"Yule mzungu ameondoka," nikasema. "Tuufungue mfereji. Hata kesho."

"Kesho si Jumapili yenu?"

Nilikuwa nimesahau. Mimi, mzee wa kanisa. Au labda nilikuwa tayari kuivunja, sijui. Yeye hakukubali. "Keshokutwa," akasema. "Watu wapo?"

"Wazee watano. Wengine ni wanawake tu."

"Basi wanawake."

Mdomo wangu ukafunguka kabla ya akili. "Wanawake kwenye banio, Mzee? Na mila?"

Akanigeuzia uso. Hakuwa na hasira, na sitasahau kwamba hakuwa nayo. "Bomani ulisema kila mtu yuko huru," akasema. "Mimi nilisikia. Waache wapite."

Jumatatu binti yake, yule aliyesema sirudi, alitangulia na jembe. Mama yangu alikuwemo. Tulibomoa banio la Bwana Ndevu, kisha nikabomoa letu kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe, na mawe yale tukayatumia kutengeneza lile la zamani. Mzee tulimwacha chini, kwenye njiapanda ya maji, ameketi ukingoni na miguu ndani ya mfereji mkavu. Maji yalipoingia, nilishuka nikikimbia nayo sambamba. Neno la msamaha nilikuwa nalo kinywani miaka minane, nikaona siku yake ndiyo hii. Nilimkuta miguu imefunikwa hadi kwenye vifundo. Alikuwa anacheka peke yake.

"Mzee," nikasema, "siku ile bomani..."

Akainua fimbo hadi usawa wa mdomo.

"Zamu ya kwanza ni ya nani?"

"Ya mjane."

"Basi nenda kafungue. Maneno baadaye."

Nikaenda nikafungua. Mama alikuwa amewahi kushuka, amesimama kati ya migomba yake, kibuyu bado kiko mgongoni, anayatazama maji yakija na hajui kama akishushe. Nilimsaidia kukishusha. Niliporudi njiapanda, binti wa Mzee alikuwa ameshamwongoza baba yake kwenda nyumbani, na fimbo imesimikwa pale mahali pake, kivuli kikitembea kuelekea jiwe.

Usiku wa tatu Mzee alifariki. Maneno bado ninayo.